Tusisomewe Mji

Ipo tabia iliyoota mizizi miongoni mwetu sisi walimu wa lugha, na wakati umewadia wa kuikemea hadharani. Mwenzetu apatapo nafasi ya kwenda Ulaya, iwe kwa mafunzo ya miezi mitatu au kwa mkutano wa siku nne, hurejea na picha na sifa. Husifu usafi wa barabara, husifu treni zisizochelewa, husifu majumba ya kale yaliyotunzwa. Lakini aulizwapo aliuonaje mji, hueleza jinsi alivyoonyeshwa: walipakiwa katika basi, wakashushwa uwanjani, wakatanguliwa na mtu aliyeshika kibendera, wakaelezwa mambo matatu, wakapiga picha, wakapakiwa tena. Mtu huyo hakuuona mji. Alisomewa mji.

Sisi walimu twaijua vema tofauti iliyopo baina ya kusoma na kusomewa. Kila mwaka twapambana na wanafunzi wasioisoma riwaya iliyowekwa katika mtaala, bali hununua muhtasari wake, wakaukariri, kisha wakaingia katika chumba cha mtihani wakijidai wameisoma. Twawaonya kwamba aliyeandika muhtasari amewachagulia la kukumbuka na la kusahau. Ajabu ni kwamba mwalimu yule yule atoaye onyo hilo darasani, afikapo katika mji wa watu, hununua muhtasari wake bila haya, akaukariri, kisha akaja kutukaririsha na sisi.

Hoja yetu ni hii. Mji wa kale ni maandishi. Kuta zake, majina ya mitaa yake, sanamu zake, na hata vibao vidogo vilivyobandikwa chini ya sanamu hizo, vyote viliwekwa na watu waliokuwa na nia, waliochagua la kusema na la kunyamazia. Maandishi hayo hayasomeki dirishani mwa basi. Husomwa kwa miguu, polepole, na mtu aliyejitayarishia maswali yake mwenyewe, akayauliza kwa lugha yake mwenyewe. Na kama upo mji mmoja wa Ulaya ambao mwalimu wa Kiswahili wa upande huu wa Ziwa Tanganyika hana udhuru wa kusomewa, mji huo ni Brussels.

Twajua watakaotupinga. Wa kwanza watasema: mji ule ni wao, sisi tuna miji yetu, tulilazimishwa utamaduni wa Ulaya shuleni, na uliotuingia watosha. Hasira hiyo twaielewa, wala hatuidharau, lakini haitufikishi popote. Kongo, Rwanda na Burundi zilitawaliwa kutoka Brussels. Amri zilitiwa sahihi huko, mali ilipelekwa huko, na kumbukumbu za mambo hayo zimesimamishwa huko kwa mawe na kwa shaba, zikingojea msomaji. Anayekataa kuzisoma hamkomoi aliyeziandika. Amwachia tu nafasi ya kuendelea kuzieleza peke yake. Afumbaye macho na aongozwaye kwa kibendera, wote wawili hawajui walikopita.

Wa pili watasema kwamba mtu akitembea bila kiongozi hupotea. Hao tunawajibu kwa ufupi. Brussels ina ramani, ina vibao katika kila pembe ya mtaa, na sehemu yake ya kale ni ndogo, mtu aweza kuivuka kwa saa moja. Akipotea, atauliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Basi tutembee. Maswali yetu ni matatu tu: Limeandikwa jina la nani? Imetumika mali ya nani? Na nani hakutajwa?

Tuanze pale waanzapo wageni wote, katika Grand-Place. Vitabu vya watalii husema kwamba huu ni miongoni mwa viwanja vizuri kabisa duniani, na havidanganyi. Tangu mwaka 1998 umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mnara wa Ukumbi wa Mji, wenye urefu wa mita 96 hivi, ulikamilika katika karne ya 15. Mwezi Agosti 1695 mizinga ya jeshi la Louis XIV wa Ufaransa iliupiga mji huu na kuuteketeza uwanja karibu wote. Mnara ukabaki umesimama. Nyumba tuzionazo leo zilijengwa upya katika miaka michache iliyofuata. Wala hakuzijenga mfalme. Nyingi katika hizo zilijengwa na vyama vya mafundi: waokaji mikate, watengeneza bia, wachinjaji, maseremala, mabaharia wa mtoni. Nyumba ya mabaharia, kwa mfano, imejengwa juu yake kwa umbo la tezi ya merikebu. Kila nyumba ina jina lake badala ya nambari tupu: Mbweha, Mbwa-mwitu Jike, Mti wa Dhahabu, Bata-maji.

Mtembezi asiye na haraka asimame mbele ya hiyo nyumba ya Bata-maji, iliyokuwa ya wachinjaji na baadaye ikawa mkahawa. Karl Marx, aliyeishi Brussels tangu 1845 hadi 1848, alikuwa akikutana humo na wafanyakazi wa Kijerumani waliokuwa uhamishoni. Mwaka 1885 wafanyakazi wa Ubelgiji walikusanyika humo humo wakaunda chama chao cha siasa, ili kudai kura, mishahara ya haki na saa za kazi zilizo na mpaka. Mwaka ule ule wa 1885, mwendo wa dakika chache kutoka hapo, mfalme Leopold II alikuwa akijitwalia nchi ya Kongo iwe mali yake, naye hakuikanyaga hata siku moja. Mambo hayo mawili yalitokea katika mji mmoja na mwaka mmoja. Muhtasari hulitaja la kwanza, na pengine hulitaja la pili, lakini kwa nadra huyaweka katika sentensi moja. Mwenye kutembea kwa miguu yake huyaweka pamoja, kwa sababu miguu ndiyo iliyomwonyesha kuwa Ikulu haiko mbali na mkahawa ule.

Sasa tutoke uwanjani kwa njia ielekeayo kwenye jengo la Bourse, lililokuwa soko la hisa. Karibu na kanisa dogo la Mtakatifu Nikolao, tuinue macho tusome kibao kilicho ukutani: Rue de Tabora, Taborastraat. Naam, ni Tabora. Ni Tabora ile ile ya Unyamwezi, kituo cha misafara ya pembe na ya watumwa, mji ambao kila mwalimu wa Kiswahili ameutaja darasani. Imefikaje hapa, katikati ya maduka ya chokoleti na vilabu vya bia? Ilifika kwa vita. Mwezi Septemba 1916 jeshi la Kongo ya Kibelgiji, lililoitwa Force Publique, likiongozwa na Jenerali Charles Tombeur, liliingia Tabora baada ya kuwashinda Wajerumani. Ubelgiji yenyewe wakati huo ilikuwa karibu yote mikononi mwa Wajerumani, na habari ya ushindi wa mbali ilikuwa faraja kubwa. Ndipo mtaa ukaitwa Tabora.

Je, nani hakutajwa? Maofisa walikuwa Wabelgiji, lakini askari walikuwa Waafrika, na nyuma ya askari walikuwapo wapagazi kwa maelfu, waliobeba risasi na chakula vichwani kupitia Rwanda na Burundi hadi Unyamwezi. Wengi wao walikufa njiani kwa njaa, uchovu na maradhi. Vita hivyo ndivyo vilivyoamua kwamba Rwanda na Burundi, zilizokuwa chini ya Wajerumani, ziwekwe baadaye chini ya Ubelgiji kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa. Kwa hiyo Mrundi au Mnyarwanda apitaye katika mtaa huo mfupi anapita katika jina la vita vilivyoamua ni shule gani atasoma babu yake, na kwa lugha gani. Mtu mwenye kibendera hupita hapo kila siku na wageni wake. Huwaonyesha kilabu cha bia.

Kabla hatujaondoka, tukitazame tena kibao hicho, kwa maana sisi ni walimu wa lugha. Jina limeandikwa mara mbili: kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi. Ndivyo ilivyo Brussels nzima, kila mtaa, kila kituo, kila ofisi. Wageni huona jambo hilo kuwa kichekesho. Sisi tusicheke. Kibao hicho ni matunda ya mapambano ya zaidi ya miaka mia. Ubelgiji ilipopata uhuru mwaka 1830, watu wake wengi walizungumza lugha ya Kiflamandi, ambayo ni Kiholanzi chao, lakini Kifaransa ndicho kilichotawala serikalini, jeshini, mahakamani na katika vyuo. Kiflamandi kilidharauliwa, kilisemwa kuwa ni lugha ya wakulima na watumishi wa nyumbani, lugha isiyoweza kubeba elimu. Wenyewe hawakukubali. Sheria ya mwaka 1898 ikaipa lugha yao hadhi sawa na Kifaransa katika utungaji wa sheria. Mwaka 1930 Chuo Kikuu cha Ghent kikaanza kufundisha kwa Kiholanzi. Mwaka 1962 mpaka wa lugha ukawekwa kwa sheria. Ugomvi haujaisha hata leo.

Ndugu walimu, watu wale wale waliotuambia kwamba lugha zetu hazifai kufundishia elimu ya juu walikuwa nyumbani kwao wakigombana vikali juu ya jambo lilo hilo. Na wengi wa wamisionari waliofundisha babu zetu walikuwa Waflamandi, watu walioijua dharau ya lugha kwa kuionja. Somo hilo limebandikwa katika kila pembe ya mji, bure, wala halidai tikiti. Lakini ni mwalimu yupi aliyerudi akatufundisha?

Tupande sasa mlima mdogo uendao kwenye mji wa juu, mahali pa wafalme, tupite Ikulu, tufike Place du Trône. Hapo amesimama Leopold II juu ya farasi, sanamu kubwa ya Thomas Vinçotte iliyozinduliwa mwaka 1926. Watalii huipiga picha kwa mbali. Msomaji hujongea. Kwenye msingi wa sanamu hiyo pana maandishi madogo yaelezayo kwamba shaba na bati iliyotumika ilitoka Kongo ya Kibelgiji, na kwamba ilitolewa kwa hisani na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga.

Kwa hisani! Mwalimu wa lugha hawezi kulipita neno hilo kama apitavyo duka lililofungwa. Hisani hutolewa na mwenye mali. Shaba ile ilitoka katika ardhi ya Katanga, ikachimbwa na watu waliokusanywa kutoka mbali na kuwekwa katika kambi, na katika miaka hiyo hiyo ya 1920 kampuni iliajiri vibarua hata kutoka Rwanda na Burundi. Katika kambi na migodi hiyo, Kiswahili ndicho kilichokuja kuwa lugha ya kazi, lugha ya msimamizi na kibarua, ya soko na ya msiba. Ni jasho la hao lililomwinua mfalme yule juu ya farasi, na kibao kimemshukuru asiyetoka jasho. Tukimpa mwanafunzi wetu sentensi hiyo moja na kumwuliza, "Mtenda ni nani hapa, na mtendwa yuko wapi?", tutakuwa tumemfundisha sarufi na historia kwa pamoja. Mwezi Juni 2020 sanamu hiyo ilipakwa rangi nyekundu na watu wenye hasira. Wengine walipongeza, wengine walilaani. Sisi twasema kwamba rangi huoshwa. Kinachobaki ni swali, na swali lataka watu waliosoma kile kibao.

Dakika chache kutoka hapo, penye Porte de Namur, kwenye mlango wa mtaa wa Matonge uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa, kipo kiwanja kidogo kilichozinduliwa tarehe 30 Juni 2018. Kinaitwa Patrice Lumumba. Mtu huyo, aliyezungumza Kiswahili pamoja na lugha nyingine za nchi yake, aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na maiti yake ikayeyushwa katika tindikali ili asipate kaburi. Mwaka 2002 serikali ya Ubelgiji iliomba radhi kwa sehemu yake katika mauaji hayo. Jino lake, lililokuwa limechukuliwa na ofisa mmoja wa Kibelgiji, lilirudishwa kwa jamaa zake mjini Brussels tarehe 20 Juni 2022. Mfalme ana uwanja, farasi na shaba. Lumumba ana kiwanja kidogo na kibao. Hata hivyo kibao hicho hakikuletwa na upepo. Waafrika wakazi wa Brussels na rafiki zao walikidai miaka mingi. Katika watu hao wamo wanaoongoza matembezi ya kufichua historia ya ukoloni mjini humo, nasi twawaheshimu. Ugomvi wetu si na viongozi wote. Ni na sisi wenyewe, tunaokwenda bila swali lolote na kurejea na jibu la mtu mwingine.

Tuelekee mashariki, hadi bustani ya Cinquantenaire. Tao kubwa lililopo hapo lilizinduliwa mwaka 1905, nchi ilipotimiza miaka 75 ya uhuru wake. Bunge lilisita kutoa fedha. Leopold II akatumia utajiri wa Kongo, akijificha nyuma ya majina ya wafadhili wengine. Hizo ndizo siku ambazo dunia ilikuwa ikipiga kelele juu ya mpira uliovunwa kwa mijeledi na mikono iliyokatwa. Wageni hupanda juu ya tao kuutazama mji. Ni mandhari nzuri, hatukatai.

Lakini ndani ya bustani hiyo hiyo, upande wa miti, kuna jiwe linalotuhusu zaidi sisi watu wa Kiswahili: mnara wa ukumbusho wa waanzilishi Wabelgiji wa Kongo, uliochongwa na Vinçotte na kuzinduliwa mwaka 1921. Sehemu moja ya maandishi yake yatangaza kwamba ushujaa wa kijeshi wa Wabelgiji ulimwangamiza Mwarabu mfanya biashara ya watumwa. Neno "Mwarabu" limezusha ugomvi, likafutwa, likarudishwa. Ugomvi huo ni wao. Swali letu ni jingine: Mwarabu huyo alikuwa nani?

Vita vinavyotajwa ni vile vya 1892 hadi 1894, vya Nyangwe na Kasongo. Watu walioshindwa humo, ukiondoa wachache waliokuwa Waarabu kwa nasaba, walikuwa Wangwana: watu wa pwani na wa bara waliochanganyika, waliosali, walioandika kwa herufi za Kiarabu, na waliosema lugha iliyoitwa Kingwana, ambayo ndiyo mzazi wa Kiswahili kisemwacho hata leo Maniema na Kivu. Washindi nao, ukiondoa maofisa, walikuwa askari Waafrika. Hatuwatetei Tippu Tip na wenziwe. Biashara ya watumwa ilikuwa dhambi, vijiji vilichomwa, watu walifungwa minyororo, na mwalimu atakayeificha aibu hiyo ili alipambe jina la Kiswahili hatufai. Lakini jiwe halisemi kwamba mwaka 1887 utawala wa Leopold II mwenyewe ulimteua Tippu Tip kuwa gavana wake wa Stanley Falls. Alipofaa, alikuwa gavana. Watu wake walipozuia njia, wakawa Mwarabu wa kuangamizwa. Wala jiwe halisemi kwamba Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, mwaka wa tao lile lile, aliacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe. Neno "Wangwana" halimo kabisa katika jiwe lile.

Hapa ndipo penye kiini cha kilio chetu. Katika miji yetu, Bujumbura na Kigali na kwingineko, hadi leo mtu humwita mwenziwe "Mswahili" akiwa na maana ya mjanja, mlaghai, mtu asiyeaminika. Wazazi huwaonya watoto wasizoee lugha ya sokoni. Tumeingia madarasani tukawakuta wanafunzi wakijificha nyuma ya Kifaransa na Kiingereza, wakiona haya kutamka lugha ambayo usiku waliitumia kununulia mkate. Dharau hiyo haikuota yenyewe. Ilipandwa, kwa sehemu kubwa, na utawala uliogawa watu kwa mitaa na kwa dini, na uliomtazama mwenye kusema Kiswahili kama mtu wa yule "Mwarabu" wa kwenye jiwe. Wengine walitusomea habari zetu, nasi tukazikariri. Kwa hiyo kusomewa mji si jambo dogo la starehe ya watalii. Ni kasumba ile ile iliyotufanya tusomewe lugha yetu na nafsi zetu.

Kituo cha mwisho ni nje kidogo ya mji, Tervuren, kwa tramu ipitayo msituni. Mwaka 1897 Leopold II aliwaleta humo Wakongo 267 kwa ajili ya maonyesho, wakawekwa katika vijiji vya bandia ili watu waje kuwatazama. Saba wakafa. Wamezikwa kando ya kanisa la Tervuren: Ekia, Kitukwa, Mibange na wenzao wanne. Jumba la makumbusho lililofunguliwa baadaye, mwaka 1910, lina ukuta wenye majina 1508 ya Wabelgiji waliofia Kongo katika miaka ya mwanzo ya utawala huo. La Mwafrika halimo hata moja. Jumba lilipofunguliwa upya Desemba 2018 baada ya matengenezo, ilikuwapo humo kazi ya msanii Mkongo Freddy Tsimba: majina ya wale saba yamewekwa kwenye vioo vya madirisha, na jua likiwaka kivuli chake huyaandika majina hayo juu ya ukuta wa wale 1508. Anayetaka kuyaona hana budi kungoja jua. Mtu wa basi hangoji.

Basi twadai nini? Twadai mambo manne, nayo twayaweka mbele ya kila tawi la chama chetu.

Kwanza, kila mwanachama aendaye ng'ambo kwa mafunzo au mkutano ajitengee siku moja ya kutembea peke yake au na mwenziwe, bila basi wala kibendera, akiwa na maswali aliyoyaandika kabla ya kuondoka.

Pili, arejeapo, asituletee picha tu. Atuletee kurasa mbili au tatu za Kiswahili: njia aliyopita, vibao alivyosoma, majina aliyoyakuta, na majina aliyoyakosa. Kurasa hizo zichapwe katika jarida hili, wanaofuata wazitumie, wazisahihishe na kuziongeza. Tusipoziandika sisi, wageni wetu wa kesho watasomewa na watu wale wale, kwa lugha zile zile.

Tatu, tuwafundishe wanafunzi wetu kusoma miji yao kwa namna hiyo hiyo. Maswali matatu yaliyotufaa Brussels yatatufaa Buyenzi, Ujiji, Kasongo, Bukavu na Lubumbashi. Nani aliupa mtaa huu jina? Soko hili lilijengwa kwa kodi ya nani? Nani alizikwa hapa bila kibao? UNESCO imeitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Shule zetu huiadhimisha kwa hotuba na kwaya. Tuongeze matembezi: darasa zima, mtaani, kila mtoto na daftari lake, aandike kwa Kiswahili aonayo na aulizayo.

Nne, tuache kusifu tusichokisoma. Grand-Place ni pazuri, na mwenye macho atakiri. Lakini uzuri husifiwa na aliyeutazama pande zote. Mwalimu atakayetuambia kwamba Brussels ni mji mzuri tutamkubalia, ila tutamwuliza kwanza: Umepita mtaa wa Tabora? Umejongea penye kibao cha shaba? Wale saba wa Tervuren, umewasalimu kwa majina yao? Akijibu hakupata nafasi, tumwambie waziwazi kwamba alikwenda kusomewa, na kwamba zamu yake ya kwenda tena impishe mwingine.

Kazi hii haingojei fedha za wafadhili. Yataka viatu, daftari na subira. Yataka pia tuamini kwamba lugha tunayoifundisha yaweza kuusoma mji wowote duniani na kuuliza swali ambalo lugha nyingine zimelinyamazia. Mwalimu asiyeamini hivyo ataifundishaje?